Vipimo Ndani ya Rajaz: Kazi ya Ibn Majid

Mwaka 1462 Ahmad ibn Majid, mwalimu wa chombo kutoka Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, alikamilisha Hawiya, utungo wa beti zaidi ya elfu moja juu ya elimu ya bahari. Kitabu chake kikubwa cha nathari, Fawa'id, kilikuja karibu mwaka 1490, na humo anazirejea tungo zake mwenyewe na kuzifafanua. Ushairi ulitangulia, maelezo yakafuata. Baba yake naye aliitungia njia ya Bahari ya Shamu kwa beti. Kwa watu hawa shairi lilikuwa kifaa cha kazi, kama kamba na kibao cha kupimia nyota.

Kibao hicho kilishikwa mbele ya macho, ukingo wa chini ukigusa upeo wa bahari na wa juu ukigusa nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa isba, yaani upana wa kidole, ambayo ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Nyota ya Jaa, yaani ya kaskazini, ikipungua isba moja, chombo kimeshuka kusini kwa kiasi hicho. Ukiteremka pwani yetu Jaa huzama, na hapo mwalimu hugeukia nyota nyingine. Kila bandari basi ina kipimo chake, na vipimo hivyo ndivyo vilivyopaswa kukaa kichwani, usiku, juu ya sitaha iliyolowa.

Ibn Majid alichagua bahari ya rajaz, moja ya mizani za ushairi wa Kiarabu. Mguu wake ni mmoja, mustaf'ilun, unaorudiwa mara tatu katika kila kipande. Ni mdundo mwepesi, na msomaji wa tenzi zetu hatashangaa kwa nini mafunzo marefu hutafuta mdundo wa namna hiyo. Ila faida iliyo kubwa zaidi kuliko wepesi ni ulinzi. Mnakili akiruka neno, mizani hupungua na sikio hushtuka. Jina la nyota likiwa mahali pa kina, halibadiliki bila kina kuvunjika.

Ulinzi huo una tundu, na tundu lenyewe liko kwenye tarakimu. Kwa Kiarabu saba ni sab' na tisa ni tis': uzito wa mizani ni uleule, na kwenye hati isiyotiwa nukta maumbo yake hayatofautiani. Mnakili aliyechoka anaweza kuhamisha bandari kwa isba mbili, zaidi ya digrii tatu, na shairi lisipungukiwe na chochote. Kinachomwokoa msomaji ni mpangilio. Bandari hutajwa kwa kufuata vipimo, isba baada ya isba, na zile za pwani zinazotazamana zenye kipimo kimoja huwekwa pamoja. Tarakimu iliyokosewa husimama nje ya safu. Kwangu hapa ndipo ufundi ulipo hasa: vina hulinda maneno, mfuatano hulinda hesabu.

Lakini hakuna kinachozuia ubeti mzima kuongezwa. Sufaliya, utungo wa Ibn Majid unaoelekeza njia za pwani yetu hadi Sofala, ulichapishwa na mtafiti Shumovsky mwaka 1957 kutoka hati ya Leningrad. Ndani yake mna beti zinazowataja Wareno, na wapo wataalamu wanaoshuku kuwa zilipenyezwa baadaye. Mizani haiwezi kuamua, kwa kuwa mtunzi yeyote mwenye sikio angeitimiza.

Beti hizo zimebebeshwa mzigo usio wao, kuthibitisha kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Dai hilo linatoka kwa al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, ilhali habari za Wareno humtaja rubani Mgujarati. Sufaliya inastahili kusomwa kwanza kwa vipimo vyake vya nyota, kimoja kimoja, vikilinganishwa na bandari zenyewe.