Wimbo wa Kuomba na Wimbo wa Kuamuru: Tahakiki ya Salamu za Redio katika Ngara na Biharamulo

Mpwani hahitaji kufunzwa namna ya kusema kwa kinywa cha mwenziwe. Mwanamke aliyekwazwa na jirani hafungui mdomo. Huenda dukani, akachagua kanga yenye jina linalotosha, akajitanda, akapita. Katika ukumbi wa taarabu, anayeinuka kwenda kutunza hakuutunga wimbo wala hakuutia sauti, lakini kwa ubeti aliouchagua kuinukia na kwa upande alioutazama, wimbo huwa wake, na aliyekusudiwa huelewa. Ufundi huu wa kuyachukua maneno yaliyokwisha kutungwa na kuyapa mlengwa mpya haujapewa haki yake katika tahakiki zetu, ambazo aghalabu humtazama mtunzi na mwimbaji, zikamwacha mchaguzi nje ya mlango.

Makala haya yanamtazama mchaguzi. Naye si wa Unguja, Lamu wala Mombasa, bali ni wa bara ya mbali: wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mahali ambapo Tanzania inapakana na Rwanda kwa daraja la Rusumo na kupakana na Burundi kwa njia ya Kabanga. Utungo unaohakikiwa ni salamu za redio, pamoja na wimbo unaoombwa mwishoni mwake. Swali ni hili: je, msikilizaji anapopewa uwezo wa kuiamuru mashine imwimbie alitakalo, anazidi kuwa msanii au anapungua?

Yafaa kwanza kuieleza fani yenyewe. Salamu za redio zilienea Tanzania nzima katika zama za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kadi ilinunuliwa dukani, ikajazwa kwa kalamu, ikatiwa posta, na baada ya siku nyingi mtangazaji akaisoma. Baadaye ujumbe wa simu ulichukua nafasi ya kadi, lakini umbo la utungo halikubadilika sana. Lina sehemu nne: jina la mtumaji pamoja na lakabu na mahali alipo, orodha ya wanaosalimiwa, ujumbe, na wimbo.

Orodha ya majina ndiyo kiwiliwili cha utungo. Mtuma salamu hodari hayapangi majina ovyo. Huanza na wazee, akafuatisha ndugu, kisha marafiki kwa vijiji vyao, na jina moja huliacha nyuma ya maneno “bila kumsahau”. Msikilizaji aliyezoea anajua kwamba jina lifuatalo maneno hayo, linalojifanya kama limekumbukwa kwa bahati, huenda ndilo lililosababisha kadi inunuliwe. Hapo pana ufundi wa kuficha kwa kutangaza, nao hauko mbali na fumbo la mshairi wa pwani.

Ujumbe huwa ni methali, na wimbo hufanya kazi ya kituo katika shairi: hufunga maana au huigeuza. Mtu akisema kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana, kisha akaomba wimbo wa furaha, amesema jambo moja. Akiomba wimbo wa kumlilia aliyekwenda zake, amesema jingine, na methali ile ile imegeuka kutoka tumaini ikawa jeraha. Methali na wimbo vikikubaliana, salamu hutimia. Visipokubaliana, ilhali mtumaji hakukusudia hivyo, huzaa kichekesho.

Haina maana kwamba kila salamu ni utungo mzuri. Nyingi ni mbovu. Kuna watumaji wanaorundika majina ishirini ili tu wasikike kuwa wana marafiki ishirini; kuna methali zilizochakaa ambazo hazina uhusiano na wasalimiwa wala na wimbo; kuna lakabu ndefu kuliko ujumbe. Lakini mashairi mabaya hayajawahi kuifuta bahari ya ushairi, na fani huhukumiwa kwa kilele chake.

Katika Ngara fani hii ilikutana na historia nzito. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina lililoachwa na kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa wa maturubai katika majuma machache. Warundi nao walikuja kwa mawimbi yao, na kambi ya Lukole iliendelea kuwahifadhi hadi miaka ya 2000, baada ya Wanyarwanda kurejeshwa kwao mwezi Desemba 1996. Katika umati huo mama hakujua aliko mwana, wala mume hakujua kama mke ameiona ng'ambo ya mto.

Hapo ndipo kusomwa kwa jina redioni kulipoacha kuwa burudani. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, kwa Kinyarwanda na Kirundi, ambacho jina lake lina maana ya kinachounganisha familia. Majina ya waliopotezana yalitajwa hewani ili ndugu wasikie. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera mjini Ngara, ikawatangazia wakimbizi na wenyeji kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi wenyewe. Kwizera ni kuamini na kutumaini. Orodha ya majina, ambayo kwingine ni mwili wa salamu tu, mahali hapa ilikuwa ni ushahidi wa uhai: anayesalimu yu hai, na anayesalimiwa anatumainiwa kuwa hai. “Bila kumsahau” yakawa maneno mengine kabisa.

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hawezi kuisifu redio katika nchi zile akanyamaza. Redio ya Mille Collines, iliyoanza kutangaza Kigali mwaka 1993, iliwavuta wasikilizaji kwa muziki uliopendwa kabla ya kuwalisha chuki, na wakati wa mauaji ya 1994 nyimbo na wito wa kuua vilipita katika spika moja. Mwanamuziki Simon Bikindi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwezi Desemba 2008 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha. Hakutiwa hatiani kwa kutunga nyimbo zake wala kwa kurushwa kwake hewani, bali kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti cha gari mwishoni mwa Juni 1994. Kwa sheria, jambo hilo lina maelezo yake. Kwa uhakiki, linaacha fundisho: kuutunga wimbo ni tendo moja, na kuuchagua upigwe saa fulani, kwa masikio ya watu fulani, ni tendo la pili lenye mtendaji wake. Mchaguzi naye ni mwenye kusema, na atasailiwa kwa alichokisema.

Ikiwa kuchagua kuna uzito huo, ni haki kuuliza uchaguzi umekuwa mikononi mwa nani. Sahani za santuri ndizo zilizoanza kuutia mikononi mwa msikilizaji. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, mtu wa Unguja mwenye gramafoni aliweza kumwita Siti barazani kwake usiku wowote, bila ya kumwalika wala kumtunza. Ikaja kanda, na vijana wa bara wakakaa karibu na redio ya betri, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, wakisubiri wimbo uanze na kuomba mtangazaji asiuingilie katikati. Ikaja kadi ya kumbukumbu, ile memori kadi ndogo kuliko ukucha. Penye njia panda za malori yaendayo Kigali na Bujumbura, kama Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo au Benaco wilayani Ngara, na katika miji mingi ya Tanzania, kijana mwenye kompyuta aliweza kumjazia mteja nyimbo mamia kwa bei ndogo. Mteja huondoka na redio isiyokuwa na mtangazaji. Haombi, huamuru.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Marekani kuna mashine ya mchezo iitwayo pinboli: sanduku lenye meza iliyoinama chini ya kioo, ambamo gololi ya chuma hurushwa na kugongwa huku na huku. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu cha utengenezaji wake tangu miaka ya 1930. Kwa miongo mingi sauti yake ilikuwa ya kengele. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 elektroniki zikaleta milio na muziki wa kutengenezwa. Siku hizi wako wenye mashine hizo wanaoutoa muziki wa kiwandani na kutia wautakao wao. Anayecheza nyumbani kwake peke yake amefaidika, wala hapana wa kumlaumu. Lakini kengele za zamani zilikuwa na kazi nyingine: katika baa zilimjulisha hata aliyewapa mgongo wachezaji kwamba mtu amepata pointi. Mlio haukuwa wa mchezaji tu. Ulikuwa wa waliohudhuria.

Hapa ndipo hoja ya makala haya inapokaa. Wimbo wa kuomba una mashahidi. Wimbo wa kuamuru hauna. Anayetuma salamu kutoka kijiji cha Ngara analazimika kungoja, kukataliwa, kusomewa jina lake vibaya, na mwisho kuusikia wimbo wake ukiwa umeingia katika vyumba asivyovijua. Taabu hiyo ndiyo inayompa neno lake uzito, kwa sababu anayesalimiwa anajua kwamba wilaya nzima imesikia akikumbukwa. Wimbo ule ule ukipigwa na simu iliyo mfukoni ni mtamu vilevile, pengine mtamu zaidi, lakini haumwambii mtu yeyote neno. Umerudi kuwa mali ya mtunzi. Mchaguzi ameuweka, hakuusema.

Wako watakaosema kwamba haya ni maombolezo ya wapenda zilipendwa, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Kuomba ni kuwa chini ya anayeombwa. Redio ya taifa, iliyoshika Kiswahili, haikuweza kuzipa nafasi kubwa nyimbo za Wahangaza, Washubi au Wasubi, na msikilizaji aliyezitaka hakuwa na kadi ya kuzifikia. Aliyerekodi ngoma ya arusi ya kwao kwa simu, akaihifadhi, ameupata uhuru ambao hakuna mtangazaji aliyempa. Zaidi ya hayo, jina linaloweza kusikiwa na ndugu laweza pia kusikiwa na adui. Kwa mtu aliyeikimbia nchi yake, wimbo usiohitaji kuombwa, usiotaja jina wala kijiji, ni hifadhi. Si kila asiyetuma salamu ni mnyimivu wa salamu. Wengine wanalinda roho zao.

Kwa hiyo hukumu haiwezi kuwa kwamba mashine itiifu ni mbaya na redio ni njema. Mille Collines ilikuwa na mashahidi wengi mno. Hukumu inayofaa ni kwamba msikilizaji ana haki mbili, na moja haitoshi bila ya nyingine: haki ya kuusikia wimbo wake bila kumpigia mtu magoti, na haki ya kumsikilizisha mwenziwe mbele ya watu. Memori kadi imeitimiza ya kwanza kwa ukamilifu ambao haukuwahi kuwapo. Ya pili imeachiwa vipindi vya salamu, ambavyo wasomi wetu wamezoea kuviona kuwa ni upuuzi wa kujazia muda wa alasiri.

Ushahidi kwamba haki hiyo ya pili ina wenye kiu nayo umo ndani ya simu zenyewe. Kampuni za simu zilipoanza kuuza nyimbo za kumsubirisha apigaye, watu walilipia wimbo ambao wao wenyewe, wenye simu, hawausikii. Waliwachagulia wengine. Mwenye deni huweka kaswida ya subira, aliyeachwa huweka wimbo wa kujigamba, na anayepiga hupokea ujumbe kabla ya kusema “halo”. Kanga imeingia kwenye simu. Lakini utungo huu una upungufu mmoja mkubwa ukilinganishwa na salamu: hauna orodha. Unamwambia kila apigaye jambo moja, mdai na mpenzi kwa pamoja, na hauwezi kumtenga hata mmoja ukamwambia kwamba hakusahauliwa.

Kitu hicho bado kinapatikana katika salamu pekee, na ndiyo sababu zinastahili kukusanywa na kuhakikiwa kama zinavyokusanywa methali na nyimbo za kazi. Mhakiki wa pwani ana vipimo vya kuzipimia, maana kanga na tunzo vilikwisha kumfunza. Akifika Ngara hatahitaji vipimo vipya; atahitaji tu kukaa karibu na redio wakati majina yanaposomwa, na kusikiliza lipi limewekwa mwisho.