Anayeipa Homa Jina

Kuna ufundi mmoja usiotolewa cheti, na wanaoufanya kila siku Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, hawalipwi hata senti kwa ajili yake. Ni ufundi wa kulichukua neno la maabara na kumfikishia mama mwenye mtoto mgongoni, likafika zima, bila kumtisha bure wala kumdanganya. Nesi wa zahanati anaufanya. Mhudumu wa afya ya jamii anaufanya nyumba kwa nyumba, na bwana mifugo anaufanya akiwa zizini, samadi hadi vifundoni. Watunga kamusi tunawasifu, na wanastahili. Hawa wengine hatuwataji.

Kaa kwenye benchi la zahanati yoyote wakati wa masika. Mama kaja na mtoto anayechemka. Nesi anamtoboa kidole, tone la damu linaingia kwenye kile kipande cha plastiki cha kipimo cha haraka, kisha wanasubiri kama robo saa. Unatokea mstari mmoja tu.

"Hana malaria, mama."

Mama anaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto. "Sasa nesi, mbona ana homa?"

Hapo ndipo kazi inapoanza. Katika Kiswahili cha mitaani homa ndiyo malaria. Mtu akisema ana homa amekwisha kujipima, na dawa yake anaijua. Vitabuni homa ni dalili tu, na inaletwa na mambo mengi. Nesi asiye fundi hulirudia jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi, na mama huondoka akiamini kipimo kibovu, akapitia duka la dawa. Fundi husema: "Homa anayo, na mimi nimeiona. Ila hatukuona vimelea vya malaria kwenye damu. Ngoja tumwangalie masikio, kifua na mkojo." Hakumkatalia mama alichokishika kwa mkono wake mwenyewe. Amekitenga tu na kile kisichoonekana.

Neno vimelea lenyewe ni kazi nzuri. Limetoka kwenye kumea, na aliyelima anajua kuna vitu vinavyomea juu ya vingine na kuvinyonya. Mseto ni zuri zaidi. Mwishoni mwa 2006 Tanzania ilipoacha kutumia dawa ya SP kama tiba ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimekwisha kuizoea, na mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya, ikaja dawa yenye majina mawili marefu yanayovunja ulimi. Ikaitwa dawa mseto. Aliyewahi kupika nafaka na kunde katika chungu kimoja hahitaji kuhubiriwa kwa nini dawa mbili zimewekwa pamoja.

Majina ya matawi ya sayansi hayanisumbui. Parasitolojia, patholojia, epidemiolojia: tumeyapokea na mikia yake ya kigeni, na sioni ubaya, maana hayo ni majina ya milango ya ofisi. Mgonjwa hahitaji jina la mlango. Anahitaji dondakoo, ambalo linamwambia donda liko wapi. Kichomi, ambalo linasema linavyouma. Utapiamlo, ambalo linamwelekeza kwenye sahani.

Degedege ni habari nyingine. Hilo halikutungwa na hospitali, hospitali ililikuta. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jinsi wazazi walivyolihusisha na shetani, na jinsi wengi walivyoogopa kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Wakaanzia kwa mganga, na saa zikapita. Mhudumu wa afya alikuwa na njia mbili: kulitupa neno hilo kama ushirikina, akampoteza mama pamoja nalo, au kulipokea na kulitia maana nyingine. Wenye busara walilipokea. Wakasema degedege ni malaria iliyopanda kichwani, kimbieni hospitali. Daktari mkali atanung'unika, na ana hoja: mtoto hushikwa na degedege hata kwa homa ya uti wa mgongo, na kifafa nacho kipo. Lakini sentensi ile iligeuza njia ya miguu, na hayo mengine daktari atayapambanua mtoto akishafika.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja na chanjo. Mwaka 2007, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, akiwamo Dk. John Lusingu na Dk. Martha Lemnge, pamoja na wenzao wa Kilifi, Kenya, waliandikisha watoto 894 wa miezi 5 hadi 17, wa Korogwe na Kilifi, katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Kundi moja lilipata chanjo hiyo. Kundi la kulinganishia lilipata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Sasa hebu mweleze mama wa Korogwe hilo. Amekuja kwa ajili ya malaria, unamwambia habari za mbwa. Ana haki ya kuuliza mwanawe aliumwa na mbwa lini. Halafu umwambie kwamba kundi litachaguliwa kwa bahati nasibu, kwamba yeye hatajua mtoto yuko kundi gani, wala daktari anayemtibu hatajua. Daktari asiyejua! Halafu damu. Katika pwani hii hofu ya mumiani, anayesemwa hunyonya watu damu, ni ya zamani, na mwenye kuchukua damu ya watoto na kwenda nayo lazima aseme anachukua kiasi gani. "Mililita tano" haisemi kitu. "Kijiko kimoja cha chai" inasema yote.

Katika tafiti za namna hii fomu ya ridhaa hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine huirudisha kwenye Kiingereza ili ionekane kilichopotea njiani. Mzazi asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, ndipo anaweka dole gumba. Yote hayo ni mazuri, ila karatasi haijibu swali. Anayejibu ni yule kijana wa utafiti aliyeketi kwenye kigoda uani, na kishawishi chake ni kikubwa: akiliita jambo "matibabu", mama atakubali upesi. Akiliita "majaribio", mama atasita. Neno la kweli ni lile la pili. Fundi hulitamka, kisha hukaa na kusita kwa mama mpaka kuishe, au mpaka mama akatae na kwenda zake.

Matokeo ya Korogwe na Kilifi yalichapishwa Desemba 2008: malaria ilipungua kwa zaidi ya nusu katika miezi iliyofuatiliwa. Yakafuata majaribio makubwa ya 2009 hadi 2014, vituo 11 katika nchi 7, Korogwe na Bagamoyo zikiwemo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika.

Handeni ufundi huu una miguu minne. Wafugaji wa huko, na wale waliohamia Msomera kutoka Ngorongoro tangu 2022, wanaijua ndigana, ugonjwa wa ng'ombe, kuliko kitabu. Wamasai huiita oltikana. Mfugaji hupapasa chini ya sikio la ndama, akikuta tezi zimevimba amekwisha kujua. Bwana mifugo hana haja ya kumletea jina jipya. Kazi yake ni kutenganisha ndigana kali na ndigana baridi, maana zote mbili huletwa na kupe lakini dawa ni mbalimbali. Ndama aliyechanjwa ndigana kali huvishwa hereni, na mnunuzi mnadani huitazama hiyo hereni kabla ya meno.

Si kwamba taasisi za lugha hatuna: Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo tangu 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo daktari wetu bado anafundishwa kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiingereza, na daraja kutoka kwenye faili lake hadi kwa mgonjwa ni nesi ambaye hakuna mtihani uliowahi kumpima kwa hilo. Basi wapimwe, na wafundishwe, na wenye kushinda wajulikane. Na wanaoandaa kamusi ya tiba ijayo waanzie kwenye benchi la zahanati, kalamu mkononi, kabla hawajaitisha kikao Dar es Salaam.