Noti Iliyopigwa Pasi Haistahili Namba

Ukadiriaji wa noti kwa namba ulishika kasi mwaka 2005, Paper Money Guaranty (PMG) ilipoanza kazi kama kampuni dada ya NGC, wakadiriaji wa sarafu. Mizani ni ile ile ya sarafu, 1 hadi 70. Mengi yaliyoamuliwa yalikuwa sawa: noti huthibitishwa kuwa halali, huwekwa katika mfuko wa Mylar usio na PVC, na lebo hubeba namba ya katalogi ya Pick. Uamuzi mmoja, hata hivyo, ni kosa la wazi, nao ndio unaowagharimu wakusanyaji wa sarafu wanaohamia kwenye noti. Noti iliyofuliwa au kupigwa pasi hupewa namba kama nyingine zote, na dosari yake hutangazwa kwa kutoandika kitu.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Karatasi ambayo haijachezewa hupata herufi EPQ (Exceptional Paper Quality, ubora wa kipekee wa karatasi) kando ya namba. PCGS Banknote hutumia PPQ kwa mantiki hiyo hiyo. Kuanzia 65 kwenda juu EPQ ni sharti. Chini ya hapo si sharti, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Noti ambayo haikuingia kwenye mzunguko lakini imebanwa ili mawimbi ya karatasi yapotee inaweza kukaa kwenye lebo ya 64, Choice Uncirculated, bila neno lolote la lawama. Anayesoma lebo anatakiwa atambue kuwa herufi tatu hazipo. Hata akitambua, bado hajajua sababu, kwa kuwa EPQ hukosekana pia kwa noti ambayo haikuguswa na mtu ila imegeuka rangi kwa umri. Noti ya kale iliyotunzwa kwa uaminifu na noti iliyotoka chini ya pasi wiki iliyopita zinaweza kupata lebo zinazofanana kabisa. Kasoro nzito, kama mpasuko uliozibwa, hupata neno Net na maelezo nyuma ya lebo. Hilo ni jema, lakini haliondoi ukungu ulioko kwenye maelfu ya noti za daraja la kati zisizo na neno Net wala EPQ.

Kwenye sarafu, NGC yenyewe haifanyi hivyo. Sarafu iliyosuguliwa hupata neno Details, hutajiwa hali yake kwa maneno, na hunyimwa namba. Mkusanyaji aliyezoea kanuni hiyo huamini, na ana haki ya kuamini, kwamba namba ikiwapo basi kitu ni kisafi. Anafika mnadani, anaona 58 au 63, analipa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye noti kanuni imebadilishwa na familia ile ile ya kampuni.

Udanganyifu wa karatasi pia ni mgumu kuonekana kuliko wa metali. Sarafu iliyosuguliwa hubaki na mikwaruzo myembamba chini ya taa milele. Karatasi ikilowanishwa na kubanwa, nyuzi zake hulala na mkunjo hufifia, lakini nyuzi zilizovunjika hazijaungana tena, na penye unyevu mkunjo unaweza kurudi. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa kwa hatua. Noti huinamishwa chini ya mwanga wa ubavuni, taa ikiwa karibu usawa wa meza, na mstari wa mkunjo wa katikati hujitokeza kama kivuli. Noti iliyochapwa kwa bamba la kuchongwa hupapaswa kwa ncha ya kidole: wino wake huwa umeinuka juu ya karatasi, na ukikuta umelala, kuna kitu kizito kimepita. Taa ya urujuanimno hutoa jibu la tatu. Karatasi ya zamani haikutiwa kemikali za kung'arisha, ila sabuni nyingi za siku hizi zinazo. Noti ya miaka ya 1920 inayong'aa bluu chini ya taa hiyo karibu hakika imefuliwa.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa njia ya kutoka sarafu kwenda noti. Aliyeanza na heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, iliyopigwa Tabora katika karakana ya reli, hufika kwa urahisi kwenye noti za muda za Deutsch-Ostafrikanische Bank. Noti za mwaka 1905 zilichapwa Leipzig na Giesecke & Devrient. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za bahari, kuanzia 1915 koloni hilo la Kijerumani likajichapia lenyewe, kwa karatasi za rangi na ubora tofauti, na saini nyingi zikitiwa kwa mkono. Mwaka 1917 zikaja noti za porini, zilizogongwa kwa herufi za mpira. Kingo zake zilikatwa kwa mkono, hivyo kigezo cha maandishi kukaa katikati, ambacho mizani hukitumia kugawa madaraja ya juu, hakina maana yoyote hapa. Namba iliyotungwa kwa bidhaa ya kiwanda haipimi kazi ya namna hii.

Wala mizani yenyewe haikutungwa kupima ubora. William Sheldon aliitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za mwanzo za Marekani, na ilikuwa mizani ya bei: senti iliyochakaa hadi kubaki kutambulika tu iligharimu dola 1, iliyo kamili dola 70. Bei zilibadilika upesi, namba zikabaki. Sheldon huyo huyo, ilibainika baada ya kifo chake, alikuwa amechukua senti bora za American Numismatic Society na kuweka duni mahali pake. Huyo ndiye aliyerithiwa. Waliosahauliwa ni watu wa noti wenyewe: Albert Pick, ambaye katalogi yake bado ndiyo msingi wa fani nzima, na jumuiya ya kimataifa ya wakusanyaji wa noti, IBNS, iliyoundwa mwaka 1961, ambayo madaraja yake kuanzia UNC (haijatumika), AU (karibu haijatumika) na EF (nzuri sana) huhesabu mikunjo na kuitaja kwa maneno. Muuzaji wa enzi hizo aliandika "EF, imebanwa", na mnunuzi akajua anacholipia.

Marekebisho si magumu. Kampuni za ukadiriaji ziandike "imebanwa" au "imefuliwa" upande wa mbele wa lebo na kuondoa namba, kama zinavyofanya kwa sarafu. Mpaka hapo, mkusanyaji wa sarafu anayenunua noti yake ya kwanza aombe picha ya mwanga wa ubavuni kabla ya kutaja bei, na noti yoyote ya 64 isiyo na EPQ ailipie kama AU, si zaidi.