"Kusimamia" Pamba: Neno Moja, Kazi Mbalimbali

Mfasiri aletewapo habari za bodi ya sufu ya nchi ya mbali, aghalabu huandika kwamba bodi hiyo "husimamia kiwanda cha sufu". Sentensi hii fupi ina kasoro mbili. Ya kwanza ni neno kiwanda. Kwa msomaji wa Kabanga, wilayani Kasulu, kiwanda ni jengo lenye mitambo, ilhali makusudio ni shughuli nzima, tangu mfugaji hadi mfumaji. Neno tasnia lafaa zaidi hapo. Kasoro ya pili ni neno kusimamia, nayo ndiyo yenye madhara makubwa.

Tuchukue mfano wa pamba, zao lilimwalo pia mkoani Kigoma. Mwaka 1952 serikali ya Tanganyika iliunda bodi ya kuuza pamba na mbegu zake. Mwaka 1973 ikaja Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1984, bodi ya masoko ya pamba. Na mwaka 1993 neno masoko likaondolewa katika jina. Hatimaye Sheria ya Tasnia ya Pamba ya mwaka 2001 ikaleta Bodi ya Pamba Tanzania.

Majina hayo hayakubadilika bure. Baada ya vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, Mamlaka yenyewe ilinunua pamba vijijini. Bodi ya leo hutoa leseni na kuangalia ubora. Wanunuzi ni makampuni na vyama vya ushirika. Hata hivyo, tukisema kwamba vyombo vyote hivyo "vilisimamia pamba", tofauti hiyo yafutika. Mkulima asomaye tangazo la namna hiyo ana haki ya kungoja Bodi ije kupima mzigo wake. Isipokuja, ataona amehiniwa na Bodi, kumbe aliyemhini ni mfasiri.

Twapendekeza basi: chombo kinachonunua na kuuza, kisemwe kuwa chaendesha biashara, kinachotoa leseni na kutekeleza kanuni, chadhibiti, na kusimamia kubaki kwa maana ya kuangalia kazi ya wengine. Wapo watakaosema kwamba kudhibiti kwanuka ukali. Huenda ni kweli, lakini neno hilo limekwisha kukubalika katika jina la Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, wala hakuna adhaniaye kwamba mamlaka hiyo huuza petroli.