Kuitika kwa pamoja si kuelewa: Somo la ngeli lahitaji maswali halisi

KATIKA madarasa mengi ya Kiswahili nchini, somo huhesabiwa kuwa limeeleweka pindi wanafunzi wanapoitika kwa pamoja, “Ndiyo, mwalimu!” Nimeisikia sauti hiyo Nyeri, Karatina na majuzi katika shule moja karibu na Kenol, Kaunti ya Murang’a. Inapendeza masikioni, lakini haithibitishi lolote.

Hebu tuitazame mbinu yenyewe. Mwalimu anaandika ubaoni ‘mti’ na ‘miti’, kisha anapandisha sauti: “Ziko katika ngeli ya U-…?” Darasa linamalizia, “I!” Anauliza, “Tuko pamoja?” “Ndiyooo!” Wachache ndio waliojibu, wengine wamedandia silabi ya mwisho. Nilipomwuliza mmoja wao kando mbona tunasema ‘miti imeanguka’ wala si ‘miti umeanguka’, alitabasamu tu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mnamo 2019, ulikusudia kuponya ugonjwa huu. Miundo yake ya Kiswahili ina sehemu maalumu ya ‘Maswali Dadisi’. Tatizo ni kwamba swali kama ‘Ngeli ni nini?’ halidadisi chochote. Linadai fasili iliyokaririwa. Nyimbo, makofi na makundi navyo huondoa usingizi, ila mwanafunzi aliye macho si lazima awe anafikiri.

Kenol ina hazina ambayo mwalimu huyo hakuigusa. Wengi wa wanafunzi wake huzungumza Gĩkũyũ nyumbani. Wanasema ‘mũtĩ mũnene’ na ‘mĩtĩ mĩnene’. Waandikie maneno hayo kando ya ‘mti mnene’ na ‘miti minene’, halafu uulize: mnaona nini? Watagundua wenyewe kwamba upatanisho wa kisarufi waliujua kabla ya kuingia shuleni. Mmoja atateta kuwa ‘-nene’ kwao humaanisha kubwa, ilhali Kiswahili hukitumia kivumishi hicho kwa upana wa mwili au wa kitu. Huo ubishi ndio somo. Mwalimu anayeiona lugha ya mama kuwa kikwazo tu anajinyima ngazi ya kupandia.

Au awatume stejini. Makanga hutangaza, “Gari inatoka saa hii!” Kitabu kinataka ‘gari linatoka’. Kwa nini watu wengi husema hivyo? Je, wanakosea, au Kiswahili cha mtaani kina utaratibu wake? Mwanafunzi atakayekusanya sentensi 10 za aina hiyo na kuzijadili hatahitaji kuulizwa kama tuko pamoja.

Najua nitaambiwa: wanafunzi ni wengi, kipindi ni kifupi, mtihani unabisha hodi. Ni kweli. Hata hivyo, dawa nyingine haigharimu chochote. Miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akapata kuwa kwa kawaida ni takriban sekunde moja. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata waliozoea kunyamaza wakaanza kuchangia. Kuitika kwa pamoja hakumwachii mwanafunzi hata hiyo sekunde moja.

Sisemi tuizike mbinu hiyo. Katika matamshi inafaa sana. Gĩkũyũ hakina sauti /l/, kwa hivyo mwanafunzi wa Kenol anaweza kuomba ‘karamu’ akihitaji ‘kalamu’. Hapo darasa zima na lirudie hadi ulimi uzoee. Lakini ulimi ukizoea, akili nayo idai zamu yake.

Basi, mwalimu mwenzangu, kesho ukiuliza swali, usilimalizie wewe wala usiliachie darasa zima. Nyamaza kidogo, waache waandike, kisha umwite mmoja kwa jina. Akijibu, awe sahihi au asiwe, mwulize: umejuaje?