Chaji Huhesabu, Jina Hutaja

Wanafunzi wengi wa sekondari hukariri majina ya chumvi kama wanavyokariri miji mikuu ya nchi: moja baada ya jingine, bila kuuliza sababu. Wanabebeshwa mzigo wasioustahili. Majina haya yana mantiki, na mantiki yenyewe imo katika namna misombo ya ioni inavyoundika.

Tuanze na chumvi ya kula. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, zilizojipanga 2, 8, 1. Klorini ina 17, zilizojipanga 2, 8, 7. Tumezoea kufundisha kwamba sodiamu inapenda kutoa elektroni yake ya nje na klorini inapenda kuipokea. Hesabu ya nishati inakataa. Kuing'oa elektroni hiyo kwa moli moja ya atomu za sodiamu kunagharimu kilojuli 496, na klorini inapoipokea hurudisha 349 tu. Pana upungufu wa 147. Ongeza gharama ya kutenganisha atomu za metali ya sodiamu na za gesi ya klorini, deni linazidi kukua.

Anayelilipa ni mvutano wa chaji. Ioni chanya za sodiamu na ioni hasi za kloridi hujipanga katika fuwele, kila sodiamu ikizungukwa na kloridi sita na kila kloridi ikizungukwa na sodiamu sita. Mpangilio huo hutoa kilojuli 787 hivi kwa moli. Deni lote hulipwa, na ziada ya takriban 411 hutoka kama joto. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi: ioni zake zimeshikana kweli kweli.

Ndani ya fuwele hiyo huwezi kuonyesha sodiamu moja ukasema kloridi yake ni ile pale. NaCl ni uwiano tu, na uwiano huo unaamuliwa na sharti moja: chaji chanya na chaji hasi zilingane. Kalsiamu hutoa elektroni mbili, kloridi hubeba moja, kwa hiyo ni CaCl₂. Alumini ina 3+, oksidi ina 2−, kwa hiyo ni Al₂O₃, sita kwa sita.

Hapo ndipo kanuni ya majina inapopata maana. Metali hutajwa kwanza, kisha ioni hasi: kalsiamu kloridi, alumini oksidi. Hatusemi "dikloridi" kwa sababu chaji imeshahesabu. Kaboni na oksijeni hushirikiana elektroni badala ya kupeana, na zina zaidi ya njia moja ya kuungana, kwa hiyo pale jina halina budi kuhesabu: kaboni monoksidi, kaboni dioksidi.

Ugumu huja kwa metali zenye chaji zaidi ya moja. Shaba na oksijeni huunda unga mwekundu, Cu₂O, na pia unga mweusi, CuO. Ukisema "shaba oksidi" hujaeleweka. Mwaka 1919 mkemia Mjerumani Alfred Stock alipendekeza chaji ya metali iandikwe kwa namba za Kirumi: shaba(I) oksidi ndiyo nyekundu, shaba(II) oksidi ndiyo nyeusi. Mrututu, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima huichanganya na chokaa kupambana na kuvu wa mimea, ni shaba(II) salfeti.

Msingi wa utaratibu huu uliwekwa Paris mwaka 1787 na Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walioamua kwamba jina la msombo lionyeshe umetokana na nini. Elektroni ilikuja kugunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, miaka 110 baadaye, na utaratibu wao haukuanguka. Ulipata maelezo.

Basi tuwape wanafunzi chaji za ioni kabla ya orodha ya majina. Mwandikie mmoja ubaoni "chuma(III) salfeti", jina ambalo hajawahi kuliona. Akijua kwamba salfeti ni SO₄ yenye chaji 2−, atatafuta idadi zinazolingana, apate chuma mbili kwa salfeti tatu, aandike Fe₂(SO₄)₃. Mwanafunzi huyo hakukariri chochote, na hatasahau.