Roma kwa Vespa: Waongo Wawili na Ukuta Mmoja

Kuna filamu ambazo watu huzikumbuka kwa picha moja, halafu hiyo picha moja inaimeza filamu nzima. Roman Holiday, ya mwongozaji William Wyler, iliyotoka mwaka 1953, ni ya namna hiyo. Mtaje Audrey Hepburn popote pale na mtu atakuletea picha yake na Gregory Peck juu ya Vespa, katikati ya Roma, wakicheka. Hata ambaye hajaitazama filamu anaijua picha. Wapenzi wanaokwenda Roma siku hizi hukodi skuta ili wapigwe picha kama ile, na wenye kukodisha skuta nao wanajua wanachouza.

Mimi nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri mbele ya watu wenye kazi zao, na kila nikiitazama nashangaa jinsi hiyo safari ya Vespa ilivyo fupi. Ni dakika chache tu. Tena, nikisema ukweli wangu, siyo sehemu bora ya filamu. Bora ni pale chombo kinapozimwa na wale wawili wanapolazimika kusimama mahali na kutazamana.

Kwa ambaye hajaiona: Ann ni binti mfalme wa nchi isiyotajwa jina, yuko ziarani Ulaya, amechoka na ratiba, hotuba na kupeana mikono. Filamu inafunguka kama taarifa ya habari, miji ikifuatana mmoja baada ya mwingine. Watazamaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa ziara za namna hiyo. Filamu ilipigwa kiangazi cha 1952, na Februari ya mwaka huohuo binti mfalme wa kweli alikuwa hapa kwetu, akapanda Treetops kule Nyeri na kushuka akiwa malkia. Ann anatoroka usiku, analala kwenye chumba cha Joe Bradley, mwanahabari Mmarekani mwenye madeni, na asubuhi Joe anamtambua kwenye gazeti. Hamwambii. Anakwenda kwa mhariri wake na kuahidiwa dola 5,000 kwa mahojiano na binti mfalme, pamoja na picha. Kisha anarudi kumtembeza mgeni mjini kwa roho safi, ati.

Hebu tukumbuke jambo hilo kila tunapoiona ile Vespa. Joe yuko kazini. Nyuma yao, ndani ya kigari, yuko rafiki yake Irving, mpiga picha, mwenye kamera iliyofichwa ndani ya kiberiti cha gesi. Ann naye anadanganya: amejiita mwanafunzi aliyetoroka shule. Kwa hiyo wapenzi wetu wa bango ni waongo wawili wanaochekeana, na zile picha tunazozionea wivu ni picha za kuibiwa. Wyler hatufichi hilo hata kidogo. Ni sisi tuliolisahau tulipokuwa tukibandika bango ukutani.

Vespa yenyewe ilistahili kuchaguliwa. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera kilikuwa kikiunda ndege, kikapigwa mabomu vitani, na mwaka 1946 kikaanza kuuza skuta iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege. Ilikuwa usafiri wa watu waliotoka vitani mikono mitupu na wakihitaji kufika kazini. Kwa hiyo binti mfalme anapoipanda anashuka ngazi kadhaa kwa mpigo. Mwanzo anakaa nyuma, kama abiria yeyote wa boda, mikono kiunoni mwa dereva. Mara anaushika usukani mwenyewe na chombo kinachomoka. Joe anakimbia, anarukia nyuma, na mji unaanza kuwapisha kwa hofu. Wanapita katikati ya vibanda na meza za watu. Ni kichekesho, na Hepburn anakibeba kwa uso tu: huo ni uso wa mtu ambaye hajawahi kuamua kona ya kukata. Sijui mwigizaji mwingine ambaye angefanya uzembe barabarani uonekane kama uhuru wa taifa. Tuzo ya Oscar aliyopewa kwa kazi hii aliistahili pale.

Lakini wenye vibanda wanafika polisi. Hapo ndipo filamu inapoanza kuwa na akili. Joe anawaambia polisi walikuwa njiani kwenda kanisani kufunga ndoa, na kituo kizima, walalamishi kwa askari, kinayeyuka: pongezi, mabusu, mikono kupeanwa. Uongo umewaokoa. Wakitoka nje Ann anajisifu kwamba naye ni hodari wa kudanganya, na Joe anakubali kwamba hajaona bingwa kama yeye. Mara anampeleka kwenye Mdomo wa Ukweli, lile jiwe la duara lenye sura ya mtu lililo kibarazani pa kanisa la Santa Maria in Cosmedin, ambalo wanasema humng'ata mkono mwongo. Ann anaunyoosha mkono, anasita, anaurudisha. Joe anauingiza wake, anapiga kelele, anautoa ukiwa umefichwa ndani ya mkono wa koti. Peck hakuwa amemwonya Hepburn, na mayowe yale ni yake ya kweli. Tunacheka naye. Ila ukitazama tena utaona kwamba Joe ameugeuza mtihani kuwa mzaha kabla haujamfikia. Ann angalau aliogopa. Joe ndiye mwongo mkubwa zaidi, na ndiye aliyetoka na mkono mzima.

Baada ya hapo wanafika kwenye ukuta. Watu wachache sana huutaja ukuta huu, na kwangu mimi ndio moyo wa filamu. Umejaa vibao vidogo vya shukrani. Joe anaeleza: wakati wa vita, mabomu yakidondoka, mwanamume mmoja na watoto wake wanne walijibanza hapo wakaomba; hakuna aliyeumia; baadaye yule baba akarudi kuweka kibao cha kwanza, na wengine wakafuata. Roma ilikuwa imepigwa mabomu Julai 1943, miaka tisa tu kabla ya kamera kufika. Ann anaomba ombi lake kimoyomoyo, hataki kusema ni nini, anasema tu kwamba halielekei kutimia. Sauti ya filamu inashuka. Kwa mara ya kwanza Roma inakoma kuwa mandhari ya watu wawili wazuri. Inakuwa mji wa watu waliokuwa na maombi yao kabla hawa hawajafika. Huwezi kuuona ukuta huo kwa mwendo wa Vespa. Lazima ushuke.

Aliyeyaandika haya alijua kujificha. Dalton Trumbo alifungwa jela mwaka 1950 kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti, na studio hazikutaka hata kulitaja jina lake. Hadithi ikauzwa kwa jina la mwenzake Ian McLellan Hunter, na Hunter ndiye aliyepewa Oscar ya hadithi. Trumbo alikufa mwaka 1976. Tuzo ikatolewa kwa jina lake mwaka 1993, miaka 17 baadaye. Sasa tazama tena mtu anayetembea mjini kwa jina la uongo, na mwingine anayeweza kulipwa fedha nyingi akilitaja jina lake la kweli. Kichekesho kinabadilika ladha mdomoni.

Nina neno jingine, na hili filamu haikulisema. Ukitoka Colosseum kwenda Mdomo wa Ukweli, njiani, karibu na uwanja wa kale wa Circus Maximus, kuna Piazza di Porta Capena. Mwaka 1952 pale palisimama mnara wa jiwe wa Axum, mita 24, ulioletwa kutoka Ethiopia mwaka 1937 baada ya Mussolini kuivamia nchi hiyo. Mkataba wa amani wa 1947 ulikuwa tayari umeitaka Italia irudishe mali zilizoporwa. Mnara uliondoka kurudi nyumbani mwaka 2005. Igiaba Scego, mwandishi aliyezaliwa Roma kwa wazazi Wasomali, ameandika juu ya mahali hapo na alama nyingine za ukoloni ambazo Roma huzipita bila kuzitazama, katika kitabu chake Roma negata cha 2014. Simlaumu Wyler kwamba hakuusimamisha msafara wake hapo. Filamu yake ni ya mapenzi, siyo ya madai. Ila mtazamaji wa Afrika Mashariki anao uhuru wa kuona anachokiona. Maandishi ya mwanzo yanajivunia kwamba filamu yote imepigwa Roma. Sawa. Lakini ni Roma iliyochujwa kwa ajili ya mgeni, na mwendo wa skuta umesaidia kuchuja.

Kwamba skuta yenyewe haina kosa, alilionyesha Nanni Moretti miaka 40 baadaye. Katika sehemu ya kwanza ya Caro diario, ya 1993, yuko peke yake juu ya Vespa, mwezi Agosti, mji ukiwa mtupu, akipita mitaa ambayo mtalii hana shughuli nayo: Garbatella, Spinaceto. Anapenda tu kutazama nyumba. Mwishoni anaendesha hadi Ostia, mahali alipouawa Pier Paolo Pasolini mwaka 1975, na kamera inamfuata kwa mgongo, muda mrefu, hasemi kitu. Ni Vespa ileile, lakini inakwenda polepole na inajua inakokwenda. Kama ningelazimishwa kuchagua moja ya hizi mbili, ningesumbuka, halafu ningechagua ya Moretti, halafu usiku ningeitazama ya Wyler.

Kwa sababu ya mwisho wake. Ann amerudi kazini kwake, Joe hakuiuza hadithi. Wanakutana ukumbini, yeye jukwaani, Joe kati ya wanahabari. Irving anamkabidhi bahasha ya picha kama kumbukumbu ya Roma. Ndiyo malipo pekee yanayofanyika katika filamu nzima kwa zile picha za kuibiwa. Ann anashuka na kuwapa mikono wanahabari mmojammoja, na zamu ya Joe haichukui muda mrefu kuliko ya jirani yake. Wote wanaondoka. Peck anabaki, mikono mfukoni, kisha anaanza kutembea kutoka mwisho wa ule ukumbi mkubwa kuja kwetu, kamera ikirudi nyuma taratibu. Hakuna chombo cha kumwahisha. Unasikia viatu vyake sakafuni, hatua kwa hatua, na karibu na mlango anageuka mara moja kutazama jukwaa tupu.